Tangi la Shimbwe

"Tangi linang'ata," alisema Mama Manka,
wenzake wakacheka, kisha wakaacha kucheka,
maana kila mmoja alikuwa ameshang'atwa
akaona aibu kusema.
Karani, Bwana Ndesario, aligusa kwa kidole,
buti za mpira miguuni,
akasema ni baridi tu, ni Aprili.

Nikapanda kutoka Moshi mjini na begi,
zulia la mpira, na glovu ambazo kwanza
nilizijaza pumzi, nikazisikiliza kama zina tundu.
Karani aliuliza fundi mwenyewe yuko wapi.
Nikamwonyesha begi.
Kijana wangu, Elifuraha, tayari ana bisibisi mkononi.
Weka chini, nikamwambia.

Koleo la mita lafumbua mdomo,
launasa waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja,
bila kukata, bila kufungua, bila kugusa shaba.
Ni hesabu ya karani tu:
kilichotoka, kilichorudi.
Vikipishana, kuna mtu njiani anakunywa.
Fikiria mfongo: unafunguliwa juu alfajiri,
na shamba la mwisho linajua kwa kiu yake
kwamba usiku ulitobolewa.

Mita ikasema sifuri.
"Salama," akasema Elifuraha.
La. Sifuri si salama
mahali ambapo watu wanang'atwa.
Sifuri ni maji yaliyozibiwa njia,
yamejaa, yanangoja mguu.
Nikapima kati ya tangi na sakafu iliyolowa:
volti tisini, zimekaa kimya
kama mgeni asiyeonyeshwa mlango.

Nikazima swichi kuu, nikaitia kufuli,
ufunguo mfukoni mwangu, si juu ya meza.
Nikapima kuhakikisha umeme umekufa,
kisha nikaijaribu mita penye umeme mwingine
kuhakikisha haikufa yenyewe.

Nyuma ya ukuta, chini ya migomba,
nondo ya shaba, na waya wa ardhi
umelala kando yake,
kibanio kimeliwa na kutu ya kijani.
Tangu lini? Hakuna aliyejua.
Basi miezi yote hiyo
waya wa ardhi ulikuwa Mama Manka.
Waya wa ardhi ulikuwa yule mtoto pekupeku
aletaye lita mbili kabla ya shule.

Nilisoma na Anandumi.
Alifungua waya wa ardhi mtambo ukiwaka,
apachike mita katikati.
Ncha moja mkono huu, ncha nyingine mkono ule.
Kwa kitambo kifupi sana
aliyekuwa katikati ni yeye.
Elifuraha hakuniuliza mengine.
Alishika tochi, akaishika vizuri.

Tulipofunga kibanio kipya na kurudisha umeme,
kila mtu nje, hata karani,
koleo likasema: miliampea sita.
"Sita si kitu," karani akasema mlangoni.
Hata lita sita si kitu, nikamjibu,
mpaka zikosekane kila siku.
Tukazima, tukachomoa, tukawasha, kimoja kimoja.
Pampu: bado sita.
Kikorogeo: bado sita, na mvua imeanza,
mabati yanapiga kelele, nasoma mita kwa kuinama.
Hita ya maji ya kuoshea:
sita ikaporomoka, ikabaki nukta nne.
Ganda lake lilikuwa na ufa
mwembamba kuliko unywele.

Sikuwa na karatasi.
Bwana Ndesario akanigeuzia daftari lake
bila neno, akanipa na kalamu.
Chini ya Manka, lita nane,
chini ya Aikande, lita tano na nusu,
nikaandika: Tangi, 0.4,
tarehe, na jina langu lote.

Jioni Mama Manka akaja na ndoo.
Akaligusa tangi kwa mgongo wa mkono,
kama apimaye homa ya mtoto.
Akasubiri.
Akagusa tena.